Maneno Yaliyobaki Mdomoni mwa Baba

Kiharusi kilimpiga baba mwezi wa pili, na kilipomaliza kazi yake kikaondoka na Kiswahili chake chote. Kikachukua salamu, kikachukua jina langu, kikachukua hata bismillahi. Kilichobaki ni Kiingereza cha dukani, kile alichokiokota mtaani Yeoville, hapa Johannesburg, katika miaka ishirini na mitano ya kuuza vitenge. "Ja, no... you know... like... sharp, sharp." Basi. Hayo ndiyo maneno ya baba yangu.

Daktari alisema hutokea. Maneno ya mazoea hukaa mahali pake kwenye ubongo, na wakati mwingine husalimika. Akanionya pia nisikiamini kichwa chake: anaweza kukitikisa kukataa, kumbe anakubali.

Na mimi, bahati gani hii, nasoma isimu mwaka wa tatu. Wiki ileile tulipewa mtihani wa istilahi za Kiingereza cha mazungumzo. Nikaandika kwamba "like" ni kijazio, humpa msemaji muda wa kutafuta neno. "You know" humwomba msikilizaji asiondoke, avumilie kidogo. "Ja, no" na "sharp", yaani ndiyo-hapana na sawa za mitaa ya huku, ni viitikio: nakusikia, endelea. Nilipata themanini na moja. Nilitamani kuichana ile karatasi.

Mchana alikaa naye Mama Léocadie, jirani yetu Mkongo anayesuka nywele.

"Papa yako tunazungumuzaka naye muzuri sana," aliniambia. "Anasikilizaka kupita bwana yangu."

Nilicheka. Kisha nikaingia chooni nikalia.

Mwezi wa tano akaja baba mdogo Fahad kutoka Tanga, na tiketi mbili mfukoni, yake na ya kaka yake. Alisema mkewe na binti zake watamuuguza vizuri, na mimi nimalize masomo kwa utulivu. Mtu wa kumgeuza baba kitandani saa za darasa sikuwa naye, na Mama Léocadie ana kazi yake.

Lakini mama amezikwa hapa Johannesburg. Kabla ya kuugua, kila tukitoka kumzuru, baba aliapa kwamba atalala kando yake. Siku akigombana na mwenye nyumba, aliapa kwamba kesho anarudi Tanga, na nchi hii wabaki nayo wenyewe. Sikuwahi kumuuliza kiapo kipi ni cha kweli. Nilidhani muda upo.

"Tumuulize mwenyewe," nilisema.

Baba mdogo akapiga goti mbele ya kiti. "Kaka, twende nyumbani?"

"Ja, ja. Sharp, sharp."

"Umesikia? Amekubali."

"Hajakubali, baba mdogo. Hayo ni maneno ya kuonyesha kwamba anakusikia tu."

"Mwanangu, mtu mzima kasema ndiyo, wewe unaniletea mambo ya darasani?"

Nikamsogeza, nikapiga goti mimi. "Baba, unataka kubaki hapa, karibu na mama?"

"Ja, ja. Sharp." Sauti ileile, uso uleule. Kisha akanikazia macho, akaanza kuhangaika. "Like... you know... like... like..." Jasho likamtoka. Neno lilikuwepo, nililiona likimsumbua mpaka shingoni, nami nilijua jina la kila kitu alichosema isipokuwa alichotaka kusema. Mwishowe machozi yakamshuka upande mmoja.

"Usimtese," baba mdogo akasema, kwa upole. Huo upole ndio ulionimaliza.

Jumamosi asubuhi gari lilisimama chini ya ghorofa yetu. Tulimshika huku na huku, tukamtoa chumbani polepole. Tulipofika mlangoni, mkono wake mzima ukadaka nondo za geti la chuma, ukang'ang'ania.

"Anaogopa kuanguka," baba mdogo alisema.

Inawezekana. Wagonjwa wa kiharusi huogopa ngazi.

"Baba?" nikamwita.

"You know," akasema. "You know, you know."

Dereva alipiga honi. Baba mdogo akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akimwita kaka, kaka. Vinne vilifunguka. Kidole gumba kilikataa, naye baba mdogo hakuwa na mkono mwingine, kwa kuwa alikuwa amemkumbatia kiunoni asidondoke.

"Nisaidie, mwanangu," akasema.

Nikakifungua mimi.