Kiu ya Kapteni

Bomba lilikohoa gizani. Likakohoa tena, kikohozi kikavu, kama mzee anayetaka kusema neno kisha akaghairi, halafu likanyamaza. Mwanabaraka alilala macho wazi akisubiri tone lidondoke ndooni. Halikudondoka. Maji yalikuwa hayajapanda kwenye nyumba yao ya Ndia Kuu tangu juzi, na yeye mwenyewe alijihisi vivyo hivyo: amefunguliwa mpaka mwisho na hakuna kinachotoka.

Pembeni yake Shahd, bintiye wa miaka minne, aligeuka, akautafuta mkono wa mamake bila kufumbua macho, akaupeleka puani. Huo ulikuwa mchezo wao. Mwanabaraka alikuwa mnunuzi na mtunza stoo katika nyumba moja ya wageni kule Kizingo, na kila arudipo mtoto huvinusa vidole vyake, akabashiri leo kimenunuliwa nini: vitunguu, iliki, nguru, sabuni ya mche.

"Hakuna kitu," Shahd alinong'ona, akarudi usingizini.

Kweli. Jana mamake alizunguka kutwa nzima asishike kitu.

Kilichomzungusha kilikuwa wiski. Wala si wiski yoyote, bali ile ya Marekani inayopikwa kwa mahindi, bourbon, na katika bourbon zote ni moja tu, Tolliver's Ferry, yenye lebo ya kahawia na picha ya kivuko. Kila mwaka nahodha mmoja mstaafu, ambaye watu wote walimwita Kapteni, hukodi nyumba nzima ya wageni, yeye na mabaharia wenzake wa zamani. Jumamosi ya mwisho huketi mezani wakawataja wenzao waliotangulia, mmoja mmoja, kila jina na funda lake la kinywaji hicho. Miaka ya nyuma kilipatikana. Mwaka huu meli zilipita njia za mbali, makontena yakachelewa, na kuanzia Mombasa hadi Malindi rafu zilikuwa na kila kitu ila hicho.

"Ya mahindi?" Mwanabaraka aliuliza siku ya kwanza alipoagizwa. "Si wateremke tu baharini wakachomewe, wapakiwe ndimu na pilipili?"

Meneja wake, Bwana Mung'aro, alicheka siku ile. Hakuwa mtu wa kucheka mara mbili.

Kazi hii aliianza kwa sharti. Kabla hata hajakaribishwa kiti alisema, "Bwana, mimi pombe siigusi. Sibebi, simimini, wala sioshi bilauri yake." Mung'aro akamtazama, akatazama cheti chake cha masomo ya jioni, akasema, "Wewe utatafuta. Morris atabeba." Morris alikuwa mhudumu wa baa, mtu mwembamba mwenye mzaha mwingi. Basi wakawa wakienda hivyo maduka ya vileo, Mwanabaraka mbele na buibui lake, Morris nyuma na kikapu. Mwanabaraka aliwahi kutaka kumuuliza shehe kama mkataba huo wafaa, kisha akaacha. Aliogopa jibu.

Na mkataba wenyewe ndio uliomponza. Alhamisi, katika duka moja upande wa Mbaraki, aliiona kwa mbali chupa yenye lebo ya kahawia na chombo cha majini. Akainyooshea kidole kutoka nje ya kaunta, "Ile pale!", muuzaji akaifunga kwa gazeti, Morris akaitia kikapuni. Walipofika Kizingo, Mung'aro akalifungua lile gazeti.

"Hii ni ramu," alisema.

Akaigeuza lebo imwelekee Mwanabaraka.

"Hukusoma?"

"Niliiona kwa mbali, bwana."

"Ungeishika ukaigeuza."

"Nilikwambia siishiki."

"Na wewe?" Mung'aro akamgeukia Morris.

"Mimi nilidhani dada amesoma," Morris alijitetea. "Yeye ndiye msomi. Mimi ni punda wa kikapu."

Mung'aro hakucheka. "Miezi yako ya majaribio yaisha Jumatatu, Mwanabaraka. Jumamosi jioni chupa ikiwa mezani, barua ya kuajiriwa ni yako. Isipokuwepo, itanibidi nimtafute mtu mwenye mikono."

Mtu mwenye mikono. Neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Mikono hiyohiyo ilikuwa imeandika madaftari ya darasa la jioni huku Shahd amelala mapajani. Imechambua dagaa kwa mkono mmoja na kufunua kurasa kwa mwingine. Mumewe Faiz alikuwa Doha akitengeneza viyoyozi, na ndoto yao ilikuwa ndogo, ya kutosha kukunjwa ikatiwa mfukoni: vyumba viwili Ganjoni, karibu na shule ya chekechea, vyenye bomba linalotoa maji. Bila barua ile, hapana mwenye nyumba atakayemsikiliza.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, Bi Fairuz, mamake Faiz, alikuwa jikoni akikaanga mahamri. Hakugeuka.

"Mwanangu, nasikia waonekana maduka ya tembo."

"Ni kazi, mama. Mimi sigusi."

"Watu wa hapa wana macho hata kisogoni. Wamenambia mara mbili, maduka tofauti, lakini mwanamke ni yule yule, na buibui ni lile nililomnunulia mimi."

"Natafuta tu, mama. Anayebeba ni mwingine."

"Atafutaye na abebaye, ndia ni moja." Bi Fairuz akaliopoa hamri, akaliweka kwenye sahani ya mkwe wake, kubwa kuliko mengine. "Kula. Ikiwa hugusi kweli, Mungu ajua. Lakini mimi nami nina pua."

Siku hiyo Morris hakuweza kwenda naye. Alibakizwa kuandaa meza. Mwanabaraka alikwenda peke yake. Duka la kwanza, hapana. La pili, muuzaji alimcheka kabla hajauliza. La tatu, mlevi mmoja aliyeegemea mlango alimwambia kwa heshima zote, "Dada, umepotea. Mafuta ya nazi yauzwa ng'ambo ile."

"Ahsante, kaka. Na wewe umepotea, nyumbani wakutafuta."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kidogo, kisha miguu ikamkumbusha kwamba haikuwa na mzaha.

Adhuhuri iliingia, akaswali katika msikiti wenye sehemu ya wanawake, akakaa baada ya swala zaidi kuliko ilivyohitajika kwa sababu zulia lilikuwa baridi na hakuna aliyemtaka kitu. Alipoinuka alielekea Ganjoni, duka la mwisho alilolijua. Muuzaji, kijana aitwaye Kamaludin, alitikisa kichwa hata kabla ya salamu kwisha.

"Hiyo haiko, Mama Shahd. Pwani nzima haiko." Kisha akamhurumia. "Lakini ghorofa ya juu, jengo hili hili, kuna mama mmoja, Mama Mirriam. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa melini, na chupa hiyo aliileta mwenyewe. Nilitaka kuinunua mwaka jana, akanifukuza kwa ufagio."

Ngazi zilikuwa nyingi kwa mtu aliyechoka. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene, mwenye mvi fupi na gauni la maua. Alimwangalia Mwanabaraka, toka ushungi hadi ndara, akasikiliza shida yake mpaka mwisho, kisha akacheka hata ikabidi ashike fremu ya mlango.

"Mwanangu! Miaka yote hii nangojea mnywaji, Mungu ananiletea wewe?"

"Si mimi, mama. Natumwa."

"Ingia kabla hujaanguka."

Chupa ilikuwa juu ya kabati, chini ya picha ya mwanamume mwenye kofia nyeupe ya upishi. Lebo ya kahawia. Kivuko. Haijafunguliwa. Safari hii Mwanabaraka alisogea hadi karibu, mikono nyuma, akasoma kila herufi.

Mama Mirriam alimwekea chungwa kwenye kisahani. "La kwetu Taveta. Dada yangu huniletea gunia zima, kama kwamba nina ng'ombe wa kulisha." Wakaketi. "Mume wangu Mwakio aliileta safari yake ya mwisho. Akasema tutaifungua siku atakapokuja mgeni anayeijua. Kisha ikaja sukari, daktari akamkataza. Akawa akiitazama tu, akiipangusa vumbi. Tangu afe wamekuja wengi, wote wataka kwenda kuiuza tena. Mimi siuzi. Nataka inywewe na mtu anayejua anakunywa nini." Akamtazama mgeni wake, macho mekundu ya usingizi, vumbi la Mombasa nzima kwenye pindo la buibui. "Lakini wewe una uso wa kweli. Basi. Ichukue. Shika."

Akainyanyua chupa, akamnyooshea.

Mwanabaraka alichoka. Alichoka kuliko alivyopata kuchoka, na chupa ilikuwa pale, karibu na mkono wake kama sahani ilivyo karibu na mlaji. Aifungie kwenye leso, aitie kwenye mkoba, tuk-tuk mpaka Kizingo. Nani angejua? Ilikuwa imezibwa. Gilasi na karatasi tu. Mkono wake uliinuka wenyewe kutoka mapajani.

Akakumbuka pua ndogo gizani. *Hakuna kitu.*

Mkono ukalichukua chungwa.

"Mama Mirriam," alisema taratibu, "kisima hakimfuati mwenye kiu. Mwenye kiu mwenyewe yuko Kizingo tu hapo, na ni baharia. Akija kwa miguu yake, utamfungulia?"

Mama Mirriam aliirudisha chupa kabatini. Alikaa akifikiri, akalinyoosha gauni magotini.

"Itabidi nifagie," alisema.

Mwanabaraka akapiga simu.

"Iko?" Mung'aro aliuliza hata bila salamu.

"Iko, bwana. Ni yenyewe. Nimeisoma mbele na nyuma."

"Alhamdulillahi," alisema Mung'aro, ambaye hakuwa Mwislamu. "Ilete."

"Siileti. Mlete Kapteni."

Kwa mbali ilisikika mikwaruzo ya Morris akisogeza viti. "Mwanabaraka. Mgeni hatumwi."

"Hatumwi, bwana. Anaalikwa. Huku kuna mjane wa mpishi wa melini, ana chupa na hana wa kunywa naye. Mwambie hivyo hivyo, kisha aamue yeye."

"Umeketi ukafikiri unachoniambia?"

"Nimeketi, bwana. Kitini, ndiyo mara ya kwanza leo."

Simu ikakatwa. Mwanabaraka aliitazama, akajua kwamba huenda barua yake imekatwa nayo. Alijaribu kuogopa, lakini hata hofu yataka nguvu. Ufagio wa Mama Mirriam ulikwenda *shwaa, shwaa* sakafuni, na kabla hajalimenya chungwa alishalala, kalikumbatia mkononi.

Alizinduliwa na viatu. Viatu vingi, vizito, vya wanaume wazee wanaopumzika kila kituo cha ngazi na kulaumiana.

"Nilisema tutumie lifti."

"Hakuna lifti, mjinga wewe."

Mlangoni akasimama Kapteni, mrefu, kofia imevuliwa, na nyuma yake wenzake wote, kisha Morris na trei ya bilauri, kisha Mung'aro, shati limelowa mgongoni.

"Hodi, mama," Kapteni alisema. "Nimeambiwa hapa kuna mwenzetu."

Mama Mirriam aliionyesha picha. Kapteni hakuitazama chupa kabisa. Alikwenda mpaka chini ya picha, akasimama kama asimamavyo mtu penye kaburi.

"Aliitwa nani?"

"Mwakio."

"Basi jioni ya leo tutaanza na Mwakio."

Mwanabaraka alitoka kimyakimya hadi kibarazani, penye kamba za nguo. Hakutaka kunusa kizibo kikifunguka. Akalimenya chungwa hapo, polepole, ganda moja refu. Ndani alimsikia Mama Mirriam akisema, "Yaunguza!" na wazee wakicheka, kisha akamsikia akilia, kisha akicheka tena.

Mung'aro alimfuata. Alisimama mbali kidogo, akajipangusa shingo.

"Kapteni asema mwaka ujao wataka kuja hapa kwanza," alisema. "Huyo mama ameshawaahidi samaki wa nazi."

"Vyema, bwana."

"Nilikuwa nimekasirika. Bado nimekasirika. Ngazi zile." Akatazama nguo za watu kwenye kamba. "Jumatatu pita ofisini uchukue barua. Lakini nitaiandika upya. Vinywaji vyote vitakuwa vya Morris, kutafuta na kubeba. Na kusoma, Mungu atusaidie. Wewe shika chakula."

Mwanabaraka alitaka kusema mengi. Alimpa nusu ya chungwa. Mung'aro akaipokea, wakala wote wawili, wakitema mbegu kwenye kiganja kama watoto waliofunzwa adabu.

Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa alipoingia Ndia Kuu. Bi Fairuz alikuwa sebuleni na tasbihi yake, kiti kimeelekezwa mlangoni. Alingoja tu. Jikoni ndoo zilikuwa bado tupu, na Mwanabaraka hakuwa na pumzi ya kueleza habari za ngazi na wazee na picha ukutani. Akaketi kizingitini na viatu vyake miguuni.

Shahd akaja mbio, miguu peku, akaishika mikono yote miwili ya mamake, akaifunua, akatia uso mzima ndani ya viganja. Tasbihi ikasimama. Mtoto alivuta pumzi, akafikiri, akavuta tena ili awe na hakika, kisha akainua kichwa, akamgeukia bibi yake.

"Leo mama ananukia machungwa."