Kamba ya Mkwe

Mama Berthe hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna kwanza. Muuza samaki wa soko la Kikula akiapa kwamba samaki wametoka majini jana, yeye humfunua mmoja mashavu akamnusa. Mchungaji akisema ameota ndoto juu yake, yeye humuuliza alikula nini kabla ya kulala. Kwa hiyo aliporudi kutoka hospitali ya Lubumbashi na goti la chuma, baada ya lile la Mungu kuliwa na miaka thelathini ya kusimama sokoni, kitu cha kwanza alichokitilia shaka kilikuwa bahati ya mkwe wake.

Mkwe huyo, Rolly, mume wa bintiye Reine, alikuwa muuguzi zamani. Kazi ilipokosa mshahara aliacha sindano akashika sururu, akaenda kuchimba madini Kambove. Kwa miaka miwili shimo lake halikumpa ila vumbi na kikohozi. Halafu, wiki ileile mama mkwe alipolazwa kwenye meza ya kupasuliwa, shimo likafunguka, na malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, ikatoka mfuko baada ya mfuko. Nyumba nzima ilimshukuru Mungu. Mama Berthe naye alishukuru, lakini hakufumba macho wakati wa sala.

Reine alihamia kwa mama yake ili amuuguze. Rolly alikuja kuwaona, ila hakuvuka hata siku moja mlango wa chumba cha mgonjwa. Ndiyo heshima ya buko, yaani ya ukwe: mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, sembuse mguuni. Alikaa sebuleni, mgongo ameugeuzia mlango, na kila neno lake lilipitia kwa Reine.

Jumatatu, kabla ya kurudi Kambove, alimwita mkewe uani wakanong'ona. Asubuhi ya pili yake, Mama Berthe akijifanya amelala, alihisi kamba nyembamba ikizunguka shavu la mguu uliopasuliwa. Reine alifunga fundo pale kamba ilipokutana, kisha akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kamba ilikuwa na fundo jingine tayari. Basi hata jana alipimwa, akiwa usingizini kwelikweli.

"Unapima nini weye?"

Reine alishtuka. "Minapima... ni ya nguo, mama. Minataka kukushonesha kikwembe."

Nguo ya mguu mmoja! Mama Berthe akaliweka neno hilo moyoni.

Mchana alimweleza jirani yake Mwadi, ambaye alikuja kumsalimia na bakuli la kisamvu.

"Kamba ya mafundo?" Mwadi aliweka bakuli chini. "Yaya, minye sisemi kitu. Mudomo yangu haiko mu mambo ya bantu." Kisha akasema yote. "Kule ku mashimo, madini haitokake bure. Inaombaka muntu. Na banaanzaka na mama-buko, juu haiko damu yabo. Fundo moja, siku moja. Uangalie sana na vile banakulisha."

Lisemwalo lipo, aliwaza Mama Berthe. Na vidonge je? Vile vya hospitali, vya kuzuia damu isigande, ni Rolly aliyevigawa katika vikaratasi, kimoja kwa kila siku. Kuanzia jioni hiyo alikiweka kidonge chini ya ulimi, na Reine akigeuka tu, alikitemea kikombeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye hakukusudia kuliwa.

Alhamisi mguu ukawa mzito. Ijumaa shavu lake likapata moto, likaumuka kama unga wenye hamira. Mama Berthe hakushangaa hata kidogo: mafundo yalikuwa kazini. Reine aliendelea kupima kila asubuhi na kufunga alivyoagizwa, wala hakuyatazama mara ya pili, maana kuisoma kamba ilikuwa kazi ya mumewe.

Jumamosi kifua kilianza kumbana. Reine alipokwenda sokoni, mama alichukua magongo yake akajikokota hadi mlangoni, akihema. Mafundo yalikuwa sita, kila moja limelipita la nyuma yake, kama yanakwenda mahali. Akaketi kitandani, akayafungua matano kwa jina la Yesu, akayafunga upya juu ya lile la kwanza, pamoja, yasitembee tena. Akairudisha kamba msumarini. Alijiona ameshinda, ingawa pumzi zilikuwa fupi.

Saa kumi Rolly alifika, viatu vimejaa udongo wa Kambove. Mama Berthe alitega sikio.

"Mama anapumua aje?" aliuliza sebuleni.

"Mubaya. Anasema kifua inamubana."

"Lete kamba mbio!"

Reine aliingia, akaichukua, akatoka.

"Mafundo yote iko fasi moja," Rolly alisema, na sauti yake ikalegea. "Mungu asifiwe. Niliogopa damu iligandaka mu mguu, ikapanda mu kifua. Ile inauaka muntu mbio. Itakuwa malaria. Alale, kesho tutamupima."

"Lakini ku macho yangu mguu inavimba."

"Goti ya kupasuliwa inavimbaka. Macho inadanganyaka, kamba haidanganyake. Kama ingesema mguu inaongezeka, saa hii tungekuwa mu njia ya hopitali."

"Ungeniacha nimuelezee mama hii kamba."

"Hapana. Mugonjwa akiogopa, haponake."

Mama Berthe alilala akitazama bati. Labda Rolly alijua anasikilizwa. Labda yalikuwa maneno ya kumlaza tu. Lakini akili yake, iliyozoea kunusa samaki, ilinusa hili pia: mlozi gani huyu, mafundo yake yamechezewa wala hajui? Mlozi angejua. Huyu alikuwa amedanganywa kama mtoto, na aliyemdanganya ni yeye, Mama Berthe. Aibu ilimwingia kwanza, ikafuatwa na hofu. Hewa ilikuwa inakuja kidogokidogo, na mpaka kesho palikuwa mbali.

"Rolly," aliita. "Ingia."

"Mama, minye ni buko yako," ilijibu sauti ya sebuleni.

"Minajua. Ingia."

Aliingia ameinamisha kichwa. Mama Berthe akakivuta kikwembe chake kwa mkono wake mwenyewe mpaka juu ya goti. "Angalia."

Rolly aliangalia. Akagusa shavu la mguu kwa vidole viwili. "Lakini kamba..."

"Minye njo nilifungua mafundo. Na vidonge nilitema."

"Juu ya nini, mama?"

"Nilizania uliniuzisha ku shimo."

Reine alipiga yowe. Rolly alimtuma mkewe akasimamishe teksi barabarani, kisha akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wa mama mkwe, mwingine chini ya mapaja, akamnyanyua. Alinuka udongo na jasho. Moyo wa Mama Berthe, kwa mazoea yake, ukamnong'oneza: unajuaje anakokupeleka? Akauambia unyamaze. Alitaka kuomba msamaha, lakini pumzi iliyobaki haikutosha mambo mawili, akaitumia kumshika Rolly shingo asianguke.