Vidonge vya Nyumba Nzima

Siku ya kugawa dawa ya minyoo, Marietha alichemsha viazi mapema, akavimwaga kwenye ungo vipoe. Elinuru, mhudumu wa afya wa kitongoji, alipita kabla ya adhuhuri na kopo lake la vidonge, akasimama mlangoni na kuuliza kama kawaida yake:

"Nyumba nzima mko wangapi?"

"Wanne," alisema Marietha.

Elinuru alijua wamebaki watatu. Masika ya mwaka jana, Yunis, binti wa Marietha, alipozikwa, yeye ndiye aliyepika chai ya msiba. Akammiminia Marietha vidonge vinne kiganjani, akasema yale anayoyasema kwenye kila mlango: vitafunwe siku moja, na watu wote wa nyumba, maana akibaki mmoja minyoo watarudi kwa wote. Halafu akaenda nyumba ya pili. Watu wa afya wana maneno yao, na neno la nyumba nzima halibagui.

Yunis alikufa akiwa na miaka kumi. Tumbo lilimsokota tangu kiangazi, mate yakawa yanamjaa mdomoni, jasho linamtoka hata asubuhi za baridi ambapo watu wazima wa Lushoto hujifunga mablanketi. Kila alipopelekwa zahanati, tabibu alimbonyeza tumbo, akasema ni minyoo, akampa kidonge. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wengi wa bonde lile huumwa tumbo, na wengi wana minyoo kweli, na kidonge kipo kabatini. Sasa Heri, mdogo wake Yunis, mwenye miaka minne, alikuwa ameanza kushika tumbo vilevile, na Marietha hapati usingizi.

Jioni, ukungu ulipoanza kushuka kutoka msituni, mumewe Nathanaeli alirudi kutoka bustanini na bomba la kupulizia kabichi mgongoni. Marietha alipanga vidonge kwenye sahani, kila kimoja na kiazi chake. Yunis akaingia kwa mlango wa jikoni, amelowa hadi magotini kama alivyokuwa akilowa siku zote za kukanyaga karoti. Karoti za kule huoshwa mferejini, zikiwa ndani ya magunia, watoto wakizikanyaga mpaka zing'ae, kwa sababu gari la Dar es Salaam halichukui karoti yenye udongo.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," waliitikia.

Heri alisogea kwenye mkeka ili dada yake apate nafasi.

"Kula kwanza," alisema Marietha. Alitaka kumshika mkono, akamshika. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono wake. Marietha aliona furaha kubwa, na ndani ya furaha hiyo ulikuwemo uchungu uleule wa masika.

Walitafuna wote wanne. Baada ya muda Yunis akaomba beseni, akainama, akatapika. Hakutoka mnyoo hata mmoja. Yalitoka maji, beseni tele, meupemeupe, yenye povu, na harufu ambayo kila mtu wa bonde lile anaijua: ya ile sumu inayopuliziwa kabichi.

"Nilikuwa nayanywa mferejini," alisema Yunis. "Tukikanyaga karoti tunashikwa na kiu. Na kule juu wanaoshea mabomba."

"Nani?" aliuliza Marietha.

Yunis alimtazama baba yake, halafu kwa adabu akainamisha macho. "Wote," alisema.

Akajifuta mdomo, akaaga, akatoka alikoingilia.

Asubuhi kuku mmoja alionja maji ya lile beseni, akalala chali. Marietha akajitwika beseni kichwani, akamshika Heri mkono, wakapanda hadi zahanati. Akamweleza tabibu kwamba marehemu amesema si minyoo. Tabibu alinusa beseni, akampa pole ya dhati.

"Lakini mama, marehemu sina namna ya kumtibu," alisema. "Huyu mdogo, kwa umri wake na tumbo hili, ni minyoo." Akampa kidonge kingine, akitafune baada ya wiki mbili.

Nyumbani, Marietha alimwambia mumewe aache kuoshea bomba mferejini.

"Nikiacha mimi, walio juu yangu wataacha?" alisema Nathanaeli taratibu. "Na nisipopuliza, kabichi zinatoboka. Gari haligusi kabichi yenye tundu. Tutakula nini, Mama Yunis?"

Marietha alianza kuchota maji ya kunywa kwenye chemchemi ya juu, ukingoni mwa msitu, na kupanda kule kunatoa roho. Akamkataza Heri kwenda mferejini. Lakini mtoto wa miaka minne huenda waliko wenzake, wenzake walikuwa kwenye karoti, na kiu haina adabu.

Likabaki lile beseni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema yafanywe nini yasiyo na pa kumwagwa. Uwanja wote unateremkia mferejini. Nathanaeli alilizunguka beseni kwa siku kadhaa. Kuyamwaga chooni alikataa.

"Haya ni ya mwanangu," alisema. "Siwezi kuyatupa kama uchafu."

Mwishowe akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye bomba, akapuliza kabichi zake. Zilifunga vizuri, nzito, bila tundu hata moja. Dereva wa gari alizigongagonga kwa kidole akasema hajaona kabichi za namna ile tangu aanze kupanda Lushoto. Nathanaeli akaenda kuosha bomba mferejini, palepale.

Heri alizikwa wakati wa mvua za vuli, ubavuni kwa dada yake. Elinuru alipika chai.

Siku ya vidonge ilipofika tena, Elinuru alisimama mlangoni na kopo lake.

"Nyumba nzima mko wangapi?"

"Wanne," alisema Marietha, akakinga kiganja.

Jioni waliingia pamoja kwa mlango wa jikoni, Yunis amemshika Heri mkono, wote wamelowa. Wakaamkia. Wakala viazi. Heri alikunja uso kwa uchungu wa kidonge, na Yunis akamwonyesha namna ya kukitafuna upande mmoja wa mdomo.

"Mama, minyoo watatoka?" aliuliza Heri.

"Tafuna, baba," alisema Marietha, akamsogezea beseni lake. Safari hii alikuwa ameweka mawili.

Nathanaeli alikuwa ameketi kizingitini, na bomba mbele yake, kifuniko kimefunguliwa. Alikuwa analia bila kujificha. Gari lilikuwa linakuja Jumatano.