Mashine Iliyofuata Macho ya Mama Nukta

Kwa miaka thelathini na moja Mama Nukta alilipwa kutafuta makosa ya watu. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na alipostaafu, macho yake yalikataa kustaafu naye. Akiletewa kadi ya mwaliko aliisahihisha kwanza, ndipo akauliza harusi ni ya nani. Kwa hiyo mtoto wa kaka yake, mtafiti wa chuo, alipomwomba aje ajaribu mashine yake, alijitakia mwenyewe.

"Shangazi, kazi yako ni kusoma tu," alimwambia, akimketisha mbele ya kompyuta. Chini ya kioo palikuwa na kamera nyembamba kama rula. "Hii inafuata macho. Yakisimama kwenye neno, inajua hilo ndilo unalolitaka, inakwenda kukutafutia habari zake. Huandiki wala huulizi."

"Na nikifumba macho?"

"Usifumbe, Shangazi. Bosi wangu yupo."

Kweli, mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuwa amekaa nyuma yao na daftari mapajani.

Mama Nukta alisema anataka kujua kilimo cha uyoga, maana stoo yake ilikuwa tupu tangu wanawe wahame. Makala ikafunguka. Alisoma vizuri mpaka mstari wa nne: "Uyoga huu unafaa kura baada ya kuchemshwa."

Macho yakagota. Aliyavuta yaendelee, yakasogea neno moja, yakarudi palepale kwenye "kura" kama ulimi kwenye jino bovu.

Ti! Kioo kikajaa habari za uchaguzi.

"Uyoga wangu uko wapi?"

"Soma tu, Shangazi. Inajifunza."

Akasoma. Ilikuwa taarifa ya chama cha mafundi viatu, waliokuwa wakimchagua mwenyekiti: "Baada ya hotuba, wajumbe wote walipiga kula ya siri."

"Lo!" Mama Nukta alishika kifua. "Jamani, watu wazima hawa!"

Ti! Mashine, ikidhani ameona njaa, ikamletea tangazo la ukumbi wa sherehe wenye nafasi ya kula watu mia tatu. Mkuu wa idara aliandika kitu daftarini. Mtafiti alianza kutokwa jasho.

"Usisimame kwenye makosa, Shangazi, nakusihi. Yapite tu."

"Nipite vipi? Wewe ukikuta nyoka mlangoni, unapita?"

Hata hivyo alijitahidi, maana alimpenda mtoto huyu. Alikaza shingo, akateremka na tangazo mstari kwa mstari, hadi chini kabisa: "Zumuni letu ni kukufurahisha."

Zumuni, badala ya dhumuni! Macho yalinata hapo, yakagoma.

Mashine ikatafuta "zumuni" katika hazina yote ya chuo. Ilikawia. Mwishowe ikaleta waraka mmoja tu: "Ripoti ya Utafiti wa Kufuatilia Macho: Zumuni na Matokeo."

Mtafiti aliruka, akaziba kioo kwa viganja vyote viwili. "Hiyo si ya kusomwa!"

"Ni ile ya kupelekwa kwa wafadhili leo saa kumi?" aliuliza mkuu wa idara. "Ondoa mikono, baba."

Akaondoa. Macho ya Mama Nukta yakaruka kutoka kosa hadi kosa, na mashine ikalia ti, ti, ti, isijue tena ishike neno lipi. Kisha mkuu wa idara akaangua kicheko mpaka daftari likamwanguka.

"Kumbe jicho husimama kwa kuchukia pia," alisema akijifuta machozi. "Na sisi tumeandika kwamba kila linaposimama, limependa. Hilo nalo liingie kwenye ripoti."

Mama Nukta hakucheka. Alimwona mtoto wa kaka yake ameinama, masikio yamemwiva, akakumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akinuna vilevile. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa. Chapa hiyo ripoti, niletee na kalamu nyekundu."

"Shangazi, ni kurasa arobaini."

"Na sasa ni saa nne tu. Mbona unasimama?"

Walifanya kazi bega kwa bega mpaka saa tisa. Mtafiti alinuna kurasa kumi za kwanza; ya kumi na moja alianza kuuliza kwa nini; kufika ya ishirini alikuwa akiyaona makosa kabla ya shangazi yake, na kila alipoliwahi moja alipiga meza kama mfunga goli.