Nati Mfukoni mwa Marehemu

Mama Spana alikuwa anasugua sufuria iliyoungua wakati marehemu mumewe alipoingia kwa mlango wa jikoni, akavua kofia ya kazi, akatoa nati mfukoni na kuiweka mezani. Ilikuwa magharibi, saa ile ile aliyokuwa akirudi kutoka kazini enzi za uhai wake. Nyusi zake zilijaa vumbi la machimbo.

"Umekawia," mkewe akamwambia. Mumewe alikuwa amezikwa tangu mvua zilizopita.

Alikaa kwenye kiti chake, akatazama ukuta, na giza lilipoingia kiti kikawa kitupu. Mama Spana akaifuta nati kwa upindo wa gauni, akaigeuzageuza. Alizijua nati za mitambo yote kama mzazi anavyojua vishindo vya wanawe. Hii ilikuwa ya gurudumu la nyuma la lori la mawe.

Asubuhi akaenda nayo kazini. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo pale machimboni, na jina la Mama Spana alipewa na madereva kwa utani, likamganda. Kwenye lile gurudumu kweli nati moja haikuwepo, na za jirani zimeanza kulegea. Akasafisha meno ya bolti kwa brashi ya waya, akairudisha nati kwa vidole, kisha akazikaza zote kwa spana ya kupimia, moja halafu ile inayotazamana nayo, mpaka spana ilipolia "ka". Hapo akaacha. Bolti ikivutwa kupita kipimo huchoka, na ikishachoka hukatika bila taarifa.

"Umejuaje?" dereva wa lori akauliza.

"Mume wangu kaileta jana."

"Ahaa. Msalimie."

Mumewe alikuwa dereva wa kijiko, ule mtambo wa kuchotea mawe. Siku aliyokufa, Mama Spana alikuwa amekifunga kijiko hicho gurudumu jipya, akalikaza vizuri, akamwomba msimamizi kirudishwe karakana mchana. Vyuma vipya vikishabeba mzigo hukaliana, na nati iliyobana asubuhi hupata nafasi ya kucheza, kwa hiyo lazima ikazwe tena. Msimamizi, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Twende-Twende, alisema kijiko hakisimami, mawe yanasubiriwa. Alasiri gurudumu likachomoka mteremkoni. Ikatangazwa kwamba dereva alikata kona kwa pupa.

Marehemu akaendelea kuja. Mara alileta nati ya tingatinga, mara nati mbili za mashine ya kusaga kokoto. Mama Spana alimtengea chai, ikapoa. Alimsimulia habari za wifi yake, za bati linalovuja, za kitanda alichokisogeza ukutani kwa sababu upande mmoja ulikuwa mpana mno. Mumewe alitazama ukuta kama abiria anayengoja basi la watu wengine. Kilichomleta ni nati, hilo lilieleweka. Jioni ambazo mitambo yote ilikuwa imebana hakutokea kabisa, na Mama Spana aliwasha redio ya jikoni na ya chumbani kwa pamoja.

Siku moja, akiwa amepiga magoti kando ya kijiko, mkono ulimsita kabla spana haijalia. Angeweza kuiacha nati hivyo, imelegea kidogo tu. Nani angejua? Juu kibandani dereva mpya alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa harusi, tena anaukosea. Mama Spana akavuta mpaka "ka". Jioni ile alikula amesimama, sufuria mkononi.

Kesho yake akaenda kwa msimamizi.

"Bosi, naomba mitambo iwe inasimama kwa zamu, nikaze mara ya pili. Nati zinalegea kila siku."

"Si mzee anatuletea?"

"Anazileta."

"Tangu aanze, pametokea ajali?"

"Bado."

"Sasa tusimamishe kazi ya nini, mama?" Twende-Twende alisema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka. "Tena mwambie tunashukuru sana. Kama inawezekana, awe anawahi kidogo."

Salamu alizifikisha. Mumewe akaendelea kuja saa ile ile ya magharibi. Machimboni wakaongeza zamu, malori yakawa yanapanda na kushuka bila kupoa injini, na hata ule ukaguzi mdogo wa asubuhi ukafutwa. Marehemu sasa alikuja kila jioni, suruali ikimshuka kwa uzito, mabega yamemlegea. Mama Spana alimpokea mlangoni na beseni. Alifurahi kumwona, kisha akaona haya kwa kufurahi, kisha akafurahi tena.

"Pole na kazi," alimwambia.

Mumewe akaanza kutoa nati. Za lori, za kijiko, za greda, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, nati juu ya nati, mpaka beseni likamwelemea mkewe mikononi. Giza likaingia bado hajamaliza, na zilizobaki mfukoni akaondoka nazo. Kule machimboni malori yalikuwa yanapanda, yamejaa mawe.