Bi Aremburge na Uzio wa Combefroide

Alhamisi ya pili ya Machi, saa tatu kasorobo asubuhi, Mauricette Gandillon alifungua mlango wa kanisa la kijiji cha Vernoulet kwa ufunguo mzito kama nyundo, akawasha taa mbili kati ya tano, akaweka kikapu chake cha mkate na jibini kwenye benchi la nyuma. Padri alikuwa na makanisa kumi na manne ya kuhudumia na hapo alifika mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ufunguo ulikaa kwa Mauricette. Alikuwa amepeleka barua katika vijiji vile kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu aliongoza matembezi ya kila Alhamisi: kutoka kanisani, kupitia msitu wa Combefroide, mpaka chini ya kuta za kasri, kisha kurudi kwa njia ya kinu.

Siku ile walifika watu saba, wote wamevaa makoti ya mvua. Hakuna aliyekuwa na haraka, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Jumatatu ya wiki hiyo mwenye kasri, Bwana Tancrède Bessonneau, alikuwa amemaliza kuuzungushia msitu mzima uzio wa seng'enge unaomzidi mtu kimo, na pale njia inapoingia mitini akaweka lango lenye kufuli na kibao kilichoandikwa MALI BINAFSI. Njia ile aliuziwa na baraza la kijiji mwezi wa Januari, katika kikao kilichohudhuriwa na watu wanne, wawili kati yao wakiwa shemeji zake meya.

Anselme, mwalimu mstaafu na kaka wa marehemu mume wa Mauricette, alishauri wazunguke kwa barabara ya lami. Mauricette alimjibu kwamba yeye hatembezwi kwenye lami kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Alikuwa na sababu nyingine, ambayo wote waliijua na hakuna aliyeitaja. Katikati ya msitu, karibu na chemchemi, mwaloni ulimwangukia mumewe Lucien akiwa kazini na shoka lake, miaka kumi na mmoja iliyopita, na Mauricette alisimika pale msalaba mdogo wa chuma. Kila Alhamisi wenzake wakifika hapo walitangulia kidogo wakamwacha.

"Basi shemeji, tukae humu humu tupige umbea," Anselme alisema. "Kanisa lina paa, angalau upande huu."

Ndipo Bi Aremburge alipoamka.

Alikuwa amelala kushoto kwa altare kwa miaka mia sita na themanini, jiwe tupu, sanamu ya bibi wa kasri wa enzi hizo, juu ya kaburi lake mwenyewe, na mbwa mdogo wa jiwe miguuni. Aliketi kwanza. Akajisugua magoti kwa vigutu, kwa kuwa mikono yake iliyokunjwa kwa sala ilivunjwa na watu wa Mapinduzi ya Ufaransa, pamoja na pua. Kisha akashuka, na kigae kimoja cha sakafu kikapasuka. Mbwa akaruka nyuma yake, kikapasuka cha pili. Anselme alisogea kumpisha kwenye benchi, lakini bibi yule alilitazama benchi akaona afadhali asimame.

Aliuliza wanakwenda wapi. Kifaransa chake kilikuwa cha zamani mno. Anselme alikielewa nusu, na nusu nyingine wakaikisia. Walimwambia hawaendi popote, wakamweleza sababu.

"Msitu ule niliwapa watu wa Vernoulet mimi mwenyewe," Bi Aremburge alisema. "Kuni na njia. Nani kauza?"

"Meya," Mauricette akajibu.

"Ulikuwa wake?"

"Haukuwa wake."

"Basi hakuuza. Kaiba, na mwenzake kapokea. Twende, mwanangu."

Walitoka. Mvua ilikuwa imepungua. Bi Aremburge alitembea polepole sana, na nyayo zake zilichimba udongo kina cha kiganja, zikajaa maji nyuma yake. Bibi mmoja wa kundi, mwenye nyonga mbovu, alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu ajiunge hakuwa wa mwisho. Langoni Mauricette alimsomea kibao. Bi Aremburge aliuliza kama mbele kuna pango la dubu, akaambiwa dubu walikwisha zamani. Basi akaliegemea lango kama mtu anavyomwegemea ng'ombe aliyegoma kusogea, na lango likalala chini pamoja na nguzo zake mbili. Mbwa aliinua mguu kwenye kibao, akamwaga mchanga kidogo.

Chemchemini wenzake Mauricette walitangulia kama kawaida. Bi Aremburge hakujua desturi hiyo, au aliijua akaipuuza. Alibaki kando ya msalaba.

"Mume?" aliuliza.

"Mume."

"Wangu nilimzika nikiwa na njaa, nikala vizuri jioni ile. Wako?"

Mauricette aliondoa jani lililonata msalabani. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo waziwazi.

"Wangu bado namtengea sahani nikijisahau," alisema.

Bibi yule hakusema pole. Alisimama tu pale, na mbwa akalala juu ya majani, mpaka Mauricette mwenyewe alipotaka kuondoka.

Jumatatu mafundi wa Bwana Bessonneau walisimamisha lango upya. Alhamisi Bi Aremburge aliliegemea tena. Mambo yalikwenda hivyo kwa wiki tano, na wiki ya sita meya, Régis Chaumel, akamwita bibi ofisini. Hakumwita kwa ubaya. Alimwambia kwamba anaheshimu historia, na kwamba kama anadai msitu aliutoa kwa wananchi, anaweza kujaza fomu ya pingamizi. Kilichotakiwa ni kitambulisho chenye picha, uthibitisho wa makazi, na sahihi.

Karani wa ofisi, binti mwenye adabu, alimpa Bi Aremburge kalamu. Kisha akavitazama vile vigutu, akairudisha kalamu kwenye kikombe.

"Makazi yake ni kanisani," Anselme alisema. "Miaka mia sita na themanini. Mheshimiwa, wewe mwenyewe umehamia lini?"

Meya alikuwa amehamia Vernoulet miaka tisa tu nyuma. Alijibu kwamba kwa mujibu wa kanuni, kaburi si makazi kama halina mita ya umeme. Alisema anasikitika. Walipoondoka, ngazi mbili za ofisi zilikuwa zimepasuka, na karani aliandika barua ya kuomba zitengenezwe.

Hapo ndipo Bi Aremburge alipotaja jiwe. Alisema maneno ya kuutoa msitu aliyachongesha jikoni mwake, juu ya meko, maana jikoni ndiko watu walikoingia na kutoka kila siku, na karatasi huliwa na panya. Ilibidi wangoje. Wikiendi moja ya Septemba makasri ya nchi nzima hufungulia watu milango, na la Vernoulet nalo hufunguliwa. Majira yote ya kiangazi waliendelea na matembezi yao, na lango likaendelea kusimama Jumatatu na kulala Alhamisi. Vyura walitaga katika nyayo za bibi. Mlinzi wa msitu, aliyekuwa mtu wa hapo hapo, alizoea kuwasalimia kwa kugusa kofia na kugeuka upande mwingine.

Jumamosi ile ya Septemba walipanga foleni pamoja na wageni wengine. Msichana wa mlangoni aliuliza kama mbwa anaweza kubaki nje. Mbwa alibaki, akalala kizingitini, na watu wakamruka siku nzima.

Bi Aremburge hakupendezwa na kasri. Minara miwili ya mbele hakuitambua, akauliza ni mjinga gani kaijenga. Chumba alichozalia watoto sita kilikuwa na meza ya biliadi. Aliwapitisha kumbi zote bila kusimama, Mauricette akifuata nyuma yake, na nyuma ya Mauricette wageni wapatao arobaini waliodhani bibi yule amewekwa kwa ajili ya ziara na wakafurahi kwamba anajua njia.

Jikoni, juu ya meko, palikuwa na ubao mpya wa mbao uliotundikwa sufuria za shaba. Bi Aremburge aliuegemea kwa kiwiko. Ubao ulianguka, sufuria zikatawanyika sakafuni.

Jiwe lilikuwapo. Lilikuwa limechongwa upya, juu juu, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka maneno yakafutika, na alama za patasi zilikuwa nyeupe kama ndani ya mkate. Vumbi lake lilikuwa bado kwenye ukingo wa meko. Upande wa mwisho kabisa, bomba la gesi lilipozuia patasi, zilibaki herufi nne. Anselme alivaa miwani, akazisoma mara mbili, akasema zinaweza kuwa mwanzo wa neno la zamani lenye maana ya "wote", au mwisho wa neno lolote lile.

Bwana Bessonneau aliingia akiwa amevaa sweta. Aliwasalimia wote. Alieleza kwamba jiwe lilikuwa na unyevu na fundi alishauri likwanguliwe.

"Mwezi gani?" Mauricette aliuliza.

"Februari."

"Kabla ya uzio."

"Kabla ya uzio, ndiyo," alisema Bwana Bessonneau, ambaye hakuwa mwongo katika mambo madogo.

Mauricette alimwambia kwamba alileta barua katika nyumba hii kwa miaka thelathini na mmoja, nyingine za furaha na nyingine za misiba, na hakuwahi kufungua hata moja isiyo yake. Hakuongeza neno. Bwana Bessonneau alisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Bi Aremburge. Alimwambia kanisani kunavuja. Hapa kuna kikanisa cha ndani, kikavu, chenye joto na taa nzuri; angeweza kulala humo, nyumbani kwake, na wageni wangekuja kumtazama.

"Na watu wangu?"

"Watu wako wana barabara ya lami."

Bi Aremburge alimkagua usoni, kwa karibu, kama mtu anayetafuta sura ya ukoo.

"Niliwahi kuishi na bwana kama wewe," alisema. "Alinifungia kwenye mnara ule wa nyuma majira matatu ya baridi, chakula akinipitishia dirishani. Alikuwa na sauti nzuri hivyo hivyo."

Waliondoka kwa mlango wa jikoni.

Kesi waliyoifungua kupinga mauzo yale ilisikilizwa Januari, katika mji wa wilaya. Basi lilimkataa Bi Aremburge kwa sababu ya uzito, akapelekwa kwa tela la trekta juu ya majani makavu, amesimama, mbwa ubavuni. Hakimu alikuwa mtulivu na alimwacha aseme mpaka mwisho. Aliwauliza maswali ya haki. Kisha akasema kwamba mbele yake kuna jiwe lisilo na maneno na shahidi asiye na mikono, na kwamba sheria haiwezi kuandika kwa vitu hivyo viwili. Mauzo yalikuwa halali. Msitu ukabaki wa Bwana Bessonneau kwenye ramani zote, na njia ikafutwa kwenye ile mpya iliyobandikwa ofisini kwa meya.

Barua ya mahakama ililetwa kanisani Alhamisi moja ya Februari na kijana aliyerithi kazi ya Mauricette, naye baada ya kuikabidhi hakuondoka. Siku hizo watu hawakuwa saba tena. Walikuwa sitini na mmoja, kutoka vijiji vitatu, na mabenchi hayakutosha. Mauricette aliifungua bahasha, akasoma kwa sauti, polepole, ili bibi apate kufuata. Ilisema kwamba ni marufuku kwa Bi Gandillon, kwa wenzake na kwa sanamu ya kaburi iliyotajwa hapo juu, kuvuka lango la Combefroide.

"Nani kakataza?" Bi Aremburge aliuliza.

"Mahakama."

"Naye ni nani?"

Anselme alianza kueleza. Alianzia mbali, kwenye katiba, na watu wakaanza kukohoa. Bi Aremburge alimkatiza.

"Nimekatazwa na baba, na mume, na maaskofu wawili, na mfalme mmoja aliyekuwa hajaota ndevu. Mmoja akiongezeka, haidhuru. Vaeni makoti."

Lango la siku hiyo lilikuwa jipya, la chuma kinene, nguzo zake zimemiminiwa zege. Kando yake walisimama askari polisi wawili wanaowajua watu wote wa pale kwa majina. Hawakumgusa mtu. Yule mkubwa wao alisema ana amri ya kuandika jina la kila atakayepita, na kwamba kila jina litafika kwa hakimu.

Bi Aremburge aliegemea. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Zege lilinguruma chini kwa chini, bibi mwenye nyonga mbovu akapata nafasi ya kukaa kidogo, na mbwa akalala. Kisha lango likainama, likalala. Kila mtu alijua kwamba Jumatatu litasimama tena.

Askari alitoa daftari. Wa kwanza mbele yake alikuwa Mauricette.

"Mama, nawe najua unavyoitwa," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya kumwomba arudi nyumbani.

"Unajua kuniita. Kuniandika je?"

Akamtajia herufi moja baada ya nyingine, akichungulia daftari. Askari alikosea.

"L mbili," Mauricette akasema. "Gandillon ina L mbili. Futa uandike vizuri."

Alisubiri mpaka jina likakaa sawa. Ndipo akapita, akashika njia ya msituni, na nyuma yake mtu wa pili akaanza kutaja lake.