Matanga ya Mwatiko

Samaki wa kizimbani hafi kwa heshima. Anapanda juu, anafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno, anazunguka, kisha analala ubavu na jicho moja linabaki kukutazama. Nilitazamwa na macho hayo mpaka nikashindwa kula kitoweo nyumbani kwangu, na mimi ni mtu wa delta, nimeota meno nikila samaki.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia vizimba vya samaki wa mwatiko, mabanda ya nyavu yanayoelea, katika mkondo wetu wa Kitongani. Kila asubuhi nilipanda mtumbwi, nikazunguka vizimba, nikaokota waliokufa, nikawatia kwenye tenga. Halafu nikaenda kuwafukia nyuma ya mikoko. Nilipoajiriwa niliambiwa mimi ni msimamizi. Hakuna aliyeniambia nitakuwa mchimba kaburi.

Ilikuwa miaka ile kila kitu ruksa. Mitumba ruksa, duka ruksa, na mtu wa Dar es Salaam kuja kukodi mkondo wa maji kwetu, nayo ruksa. Tajiri huyo alikuja na nyavu, maboya na maneno mazuri. Alisema atanunua vifaranga vya mwatiko kwetu wenyewe, atawafuga humo humo baharini mpaka wakue, kisha atawapeleka kwenye mahoteli. Sharti lake lilikuwa moja: kamba ikatize mkondo, asiingie mtu.

Mkondo ule ulikuwa wa kina mama. Maji yakipwa walikuwa wakiingia na nguo kuukuu, mmoja huku na mmoja kule wameishika kama wavu, wanatanda uduvi. Kwenye mkutano wa kijiji walikataa. Aliyesimama kuwajibu ni mimi, Kondo, niliyeishia darasa la nne. Niliwaambia uduvi upo kwingine, kazi haipo kwingine. Nilisema kwa sauti kubwa, wanaume wakaniunga mkono, kamba ikafungwa. Kwingine nilikosema ni mbali, na kuna mamba.

Basi samaki wakaanza kufa. Kundi la kwanza lilikwisha. Tukaweka la pili, likakwisha. Tukaweka la tatu, nalo likaanza. Tajiri akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe bamvua la mwezi mwandamo, maji makubwa yakija, na akikuta hali ni ile ile atang'oa vizimba na kwenda zake. Angekwenda zake kweli, lakini mimi ningebaki pale, na kina mama wale, na mkondo tuliougawa bure.

Mtaalamu wa kampuni alikuwa kijana anaitwa Tahiri. Alisomea Norwe, huko wanakofuga samaki aitwaye samoni kwenye maji ya baridi. Sina la kumsema vibaya. Alifanya kazi mpaka ngozi ya mgongo ikambanduka kwa jua. Alimpasua kila samaki aliyekufa. Alitafuta chawa, kwa maana huko Norwe chawa ndio wanaomaliza samaki, wanang'ang'ania ngozini kama kupe kwenye ng'ombe. Hakuona chawa. Alitafuta minyoo, akatafuta vidonda. Akapima maji kwa vichupa vyake. Akasema labda chakula kimeoza, tukabadilisha pumba. Akasema labda wamebanana, tukawapunguza. Akasema labda maji hayatembei, tukavuta vizimba vyote mpaka penye mkondo mkali, kazi iliyonitoa malengelenge viganja vyote viwili. Kila tulichofanya kilileta matumaini kidogo. Vifaranga wakiletwa wanaogelea, wanakula, unasema alhamdulillah. Baada ya siku kadhaa wanaanza kupanda juu na vinywa wazi.

Kijijini kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine walisema mkondo una mwenyewe na hakupewa haki yake. Wengine walinilaumu kwa kufukia, wakisema samaki hachinjwi, mfu wake ni halali, kwa nini nifukie riziki. Niliwaeleza kwamba mtaalamu kakataza, hatujui wamekufa na nini. Wakasema mtaalamu ndiye hajui. Nikachoka kueleza.

Siku moja nilikuwa nyuma ya mikoko na jembe, tenga limejaa, jasho linaingia machoni, nikasikia kilio cha msibani. Nikageuka. Kina mama walikuwa wanakuja mstari mmoja, khanga vichwani, mbele yao Sikudhani.

Sikudhani ni Mmatumbi wa kule vilimani, aliolewa kwetu zamani. Wamatumbi ni watani wetu sisi Wandengereko, na kwetu huwezi kuzika bila mtani. Mtani ndiye anayekaa juu ya jembe msikate udongo mpaka mmemlipa. Ndiye anayemwigiza marehemu, jinsi alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mchoyo, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Na neno la mtani msibani halina kesi. Hata akikutukania baba yako, unameza.

Akaja akakaa juu ya tenga langu la samaki.

"Mtani," akaniambia, "unazika kila siku kimya kimya. Sisi watu wako hutujui?"

Nilimwambia aondoke, nina kazi. Akasema hata yeye ana kazi, amekuja kuomboleza, maana marehemu ndiye aliyerithi mkondo wao. Kina mama wakaangua kicheko. Akatoa mwatiko mmoja tengani, akamviringisha kwenye kitambaa cheupe, akamlaza mapajani kama mtoto. Akauliza marehemu aliugua nini. Mwanamke mmoja akajibu chawa wa Ulaya. Mwingine akasema njaa, msimamizi anakula pumba yake. Nilisimama na jembe langu kama mjinga. Ningewafukuza, lakini mtani hafukuzwi.

Sikudhani akainuka akaanza kumwigiza marehemu. Akanyoosha shingo, akafungua kinywa, akafumba. Akazunguka mara moja, akayumba, akajishika kwenye mkoko, akacheua, akazunguka tena. Mguu mmoja ukakataa. Akaanguka ubavu na jicho moja wazi. Hakuigiza mgonjwa. Aliigiza mtu aliyetoka kilabuni.

"Mnamtafutia marehemu maradhi," akasema pale pale chini. "Marehemu kafa mlevi. Kamuulizeni aliyemnywesha."

Kina mama hawakucheka tena, wakatazamana. Hapo ndipo nilipojua kwamba hilo halikuwa mzaha, na kwamba wote walikuwa wanajua.

Samaki kulewa, kwetu kuna maana moja tu: utupa. Unachimba mizizi ya mtupa, unaiponda, unaikamulia kwenye kidimbwi kilichobaki maji yakipwa. Samaki wanalewa, wanapanda juu, unawaokota kwa mkono. Serikali imekataza lakini kila mtu anajua kuuponda. Mimi mwenyewe nilikuwa naujua, na mwezi mzima sikuuwaza, kwa sababu vifaranga wale waliletwa wakiwa hai. Nani kwetu amewahi kumchukua samaki wa utupa akamfuga? Samaki wa utupa jioni yuko chunguni. Hakuna aliyewahi kungoja kuona kama anapona.

Na aliyekuwa akituletea vifaranga alikuwa mtu mmoja, Bashiru, kaka wa mke wangu. Kazi hiyo nilimpa mimi.

Nilimkuta mbele ya vidimbwi, ametota mpaka kiunoni, ndoo zake mbili zimefunikwa majani. Hakukimbia. Kwenye kikapu chake palikuwa na mizizi, imefungwa gunia. Nikamuuliza hiki nini.

"Kidogo tu, shemeji," akasema. "Cha kuwalegeza. Hawa wana mbio, na wavu wote unachanika kwenye mizizi ya mikoko. Wakilegea nawatia maji safi, wanaamka."

"Wanaamka wanakwenda kufa kwangu."

"Nimekuletea hata mmoja aliyekufa? Si ulikuwa unawapokea mwenyewe, unawaona wanaogelea?"

Nilitaka kumpiga na sikuweza, kwa sababu alisema kweli na alikuwa ananitazama kama mtu aliyeonewa. Alidhani wanapona. Akaniomba nisimtaje kwa Tahiri. Alisema habari ikifika kwa bwana samaki wa serikali kule Utete atafungwa, na nikumbuke watoto wake wananiita nani. Alisema ataacha, leo hii anaacha, yaishe hapa.

Nyumbani Semeni, mke wangu, alikwishapata habari kabla sijavua viatu. Hakugomba. Aliniambia nimtafutie kaka yake njia, mimi ni mtu mzima, maneno ya mtani yanaweza kubaki msibani. Nikamwambia yakibaki msibani nitazika mpaka mwisho, kisha tajiri ataondoka akijua maji yetu ni mabaya, na hakuna mtu mwingine atakayekuja. Akasema haya. Akaweka chakula, akaenda kukaa uani.

Nikamweleza Tahiri yote, na jina nikalitaja. Nilimwambia pia kwamba akilipeleka jina hilo Utete, mimi naacha kazi siku hiyo hiyo. Tahiri akachukua samaki wa asubuhi ile, akafunua mashavu, akayatazama kwa kioo chake cha kukuzia muda mrefu. Akasema sumu ya namna hiyo inaharibu pumzi ya samaki, anaweza kuamka akaogelea, lakini amebaki dhaifu, na huku kizimbani anabanana na wenzake na kupigana na mkondo tuliomsogezea sisi wenyewe. Akakaa chini.

"Mzee Kondo," akasema, "nimetafuta chawa mwezi mzima."

Alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Nami nikacheka hivyo hivyo.

Waliobaki kizimbani hawakuwa na maisha. Tulihitaji vifaranga wapya, waliovuliwa bila utupa, na bamvua lilikuwa linakaribia. Wanaume wote niliowauliza walisema kama Bashiru, kwamba wavu unachanika na samaki wale wana mbio. Mkono unaoweza kukusanya kitu kidogo kama kile bila kukiumiza ni wa aliyezoea kutanda uduvi kwa nguo. Nilijua hilo tangu mwanzo wa mawazo yangu, ila nilizunguka kijiji kizima nikiwauliza wanaume kwanza, kwa sababu nilijua nitakachoambiwa.

Sikudhani alikuwa anapura mpunga. Hakuacha kupura. Alinisikiliza, akasema ningojee kidogo, masikio yake yana makapi, nirudie. Nikarudia. Akamwita jirani yake aje asikie, nikarudia mara ya tatu.

"Ulitutoa mkondoni kwa mdomo wako huo huo," akasema. "Kamba itoke. Tukishakuletea samaki wako tunatanda uduvi wetu. Na haki yangu ya matanga bado hujanilipa."

Tahiri alisema suala la kamba si lake, ni la tajiri, tungoje aje. Tukingoja hakuna vifaranga. Nikachukua panga, nikaenda na mtumbwi, nikaikata kamba upande huu na upande ule, nikaikunja nikaenda nayo nyumbani. Nilifungia mbuzi.

Kina mama wakaingia vidimbwini na nguo zao, wawili wawili, wanakwenda polepole kama wanaomwogesha mtoto. Hawakuleta wengi kama Bashiru. Tukawatoa samaki wa zamani wote, nikafukia mara ya mwisho, na tukawatia hawa wapya kwenye vizimba viwili tu tulivyovirudisha penye maji ya taratibu. Siku za kupanda juu zilifika. Nilikuwa nikienda asubuhi naogopa kutazama. Alikufa mmoja leo na mwingine kesho kutwa, kama kila kiumbe kinavyokufa. Wengine walikaa chini, na nilipotupa pumba waliijia kwa fujo wakanirushia maji usoni.

Bashiru hakupelekwa Utete. Lakini tukikutana msikitini anasimama safu nyingine, na Semeni ananipikia na kunijibu ninachouliza tu.

Tajiri alikuja na boti yake ya mashine kama alivyosema. Hakuangalia vizimba kwanza. Aliangalia kina mama, walikuwa ndani ya mkondo wanatanda uduvi, wanapiga soga. Akauliza nani kakata kamba. Nikasema mimi. Akauliza kwa ruhusa ya nani.

"Ya nani tena," nikasema. "Wale ndio wanaokuletea samaki. Kamba ikirudi, wao hawarudi. Chungulia kizimba chako, kisha uniambie nikalete kamba au nisilete. Ipo kwangu, imefunga mbuzi."

Akamgeukia Tahiri. Tahiri akasema hawa ndio wa kwanza kuvuka zile siku za kufa. Tajiri akainama juu ya kizimba. Alitazama muda mrefu, suruali yake nzuri imelowa magotini. Aliponyoosha mgongo hakusema kamba irudi, na hakusema isirudi. Aliuliza kama kina mama wanaweza kupata vifaranga wa kujaza vizimba vingine.

Kabla sijajibu Sikudhani alikuwa amefika, maji yanamchuruzika, mkono ameunyoosha kwangu. Haki ya matanga. Nikatia wavu wa mkono kizimbani nikamtolea mwatiko mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake. Alimpokea kwa viganja viwili. Samaki akajipinda, akampiga shavuni, akaruka akamgonga tajiri kifuani, akatumbukia nje ya kizimba, akaenda zake.

Sikudhani akajipangusa magamba.

"Huyu hajafa, mtani," akasema. "Bado unadaiwa."